Alinong'ona, Hakumung'unya

Kiingereza changu kiliishia darasa la nane, na hapo kiliponifikisha panatosha. Sekondari sikuiona hata kwa dirisha. Kama kuna mtu anasoma hii akingoja nimuombe radhi kwa hilo, avute kiti akae, atangoja.

Nilisoma kwenye kambi ya wakimbizi kule Kenya, chini ya mabati, darasa limejaa mpaka sisi wa nyuma tulikuwa tunasoma migongo ya wa mbele. Lakini tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza mwenye ugonjwa wa sauti. Kila mtoto aliyesoma Kenya anaijua ile orodha: ng'ombe analia hivi, kengele vile, majani makavu hivi, viatu vya askari vile. Unaikariri kama wimbo, mtihani ukiisha unaitupa. Huyu wetu hakutosheka.

"Sauti kubwa hata mbuzi anazielewa," alikuwa anasema. "Mimi nataka mjue zile ndogo."

Basi anakutoa mbele ya watu. "Whisper!" Unanong'ona, koo limezimwa, pumzi tu ndiyo inafanya kazi. "Mumble!" Unamung'unya maneno kama umejaza ugali mdomoni na mama ameuliza nani amemaliza mboga. "Mutter!" Hiyo unasema peke yako, chini chini, uso umekunja, kama mtu amekanyagwa na mkubwa wake na hawezi kumrudishia. "Murmur" ilikuwa ya darasa zima, kwa sababu alitaka isikike kama watu kanisani wakisikia mhubiri ameongeza saa moja. Ukichanganya mumble na mutter, kipande cha mpira wa maji kinapita mgongoni. Mimi sikupigwa sana kwenye hilo somo. Sio akili, nilipenda tu watu wacheke, na hapo mwalimu mwenyewe alikuwa ananiruhusu.

Sikuwahi kufikiri siku moja zile sauti zitaamua kama mtu atakula au hatakula.

Hapa Juba nabeba mizigo. Uwanja wa ndege, kwenye godauni la kampuni moja ndogo. Ndege ikitoka Nairobi au Entebbe, sisi ndio tunashusha: dawa, spea za magari, nguo, vifaranga wa kuku, chochote mtu ana haraka nacho. Makasha makubwa yana kikosi chake cha watu wanne, na kwenye hicho kikosi nilikuwa mimi, kijana mmoja mrefu tunamuita Mrefu kwa sababu hatuna ubunifu, mwingine mnyamavu sana, na Mzee.

Mzee ndiye aliyekuwa anatupandisha. Nieleze hii vizuri, maana kila kitu kilitoka hapo. Kasha likiwa refu kuliko mtu, wewe uko kona yako na umeona mbao tu. Humuoni mwenzako. Na sisi wanne hatukuwa na lugha moja ya nyumbani. Kwa hiyo hakuna kuangaliana, hakuna kuelezana. Kuna sauti ya Mzee tu. Anasema kwa Kiarabu cha Juba, "Wahid... tinin..." moja, mbili, halafu anavuta kitu kirefu, mmmmmm, unakisikia mpaka kwenye mbao ulizoshika, na kwenye huo mvumo kila mtu anapanga miguu yake, anavuta pumzi. Kisha, "Fog!" Juu. Na wote tunakuwa juu mara moja, kasha limesimama sawa kama limejinyanyua lenyewe. Mzee aliishi Uganda ukimbizini miaka mingi, akabeba magunia ya kahawa, na huo mvumo alitoka nao huko. Sijawahi kuona kasha likiinama mikononi mwake.

Halafu tukaletewa supavaiza mpya.

Supavaiza ni wa Kenya kama mimi. Namaanisha Msudani Kusini aliyelelewa Kenya, ila yeye Nairobi mjini, na akasoma mpaka chuo. Nilimpenda. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea, akacheka, "Buda, kumbe wewe ni wa kwetu?" Basi tukawa tunapiga Sheng ya Nairobi, wengine wanatuangalia kama redio imeshika stesheni mbaya. Alikuwa na mipango mizuri. Alipanga mizigo kwa rangi. Alituletea glavu. Lakini kelele ilimshinda. Wateja walikuwa wanakuja kuangalia mizigo yao, wengine wageni wenye shati za kupiga pasi, na yeye hakutaka wakute godauni linavuma kama mzinga wa nyuki.

Asubuhi moja kuna wateja ndani, Mzee akavuta ule mmmmmm wake, Supavaiza akaja mbio.

"Mzee, Mzee, hapa si sokoni. Shusha sauti."

Mzee akauliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Nashusha namna gani? Watu nasikia na nini?"

"Nong'ona. Wako karibu, watasikia. Kuanzia leo sitaki kusikia hiyo kitu ikifika mlangoni."

Nilikuwa nimesimama hapo. Mrefu alikuwa hapo. Yule mnyamavu alikuwa hapo pia, ingawa yeye hata ukimchoma na sindano hatakuambia.

Mzee akanong'ona. Mtu mwenye kifua kile, ananong'ona "wahid" kama anamwambia mkewe siri. Nilikuwa nacheka na kasha mkononi. Makasha madogo yalikubali. Tukaanza kuchungulia pembeni, tukaanza kugusana na miguu, tukajua kubahatisha. Supavaiza akafurahi, akasema sasa tunafanana na watu.

Ikaja friji.

Ilikuwa friji ya maabara, ya zahanati moja ya Nyakuron, kasha refu kuliko Mrefu, na nje rubani amewasha injini. Mimi kona yangu ilikuwa karibu na Mzee, bega kwa bega. Nilisikia wahid. Nilisikia tinin. Mvumo haukuwepo. Nikasikia "fog" kama pumzi imetoka puani, nikanyanyua, mnyamavu akanyanyua kwa kuniangalia. Mrefu, upande wa mbali, hakusikia chochote. Yeye alikuwa bado anakuna pua. Kasha likaenda upande wake, likatua kwenye kidole gumba cha mguu wake, halafu likaanguka na mlango wa friji ukalia ndani kama mtu amemwaga sufuria zote za harusi.

Mrefu alipiga kelele ambayo mwalimu wetu hakutufundisha jina lake.

Kidole kilipona, ukucha ukaenda zake. Friji haikupona. Mwenye friji akapiga simu mara nyingi, na mudir akataka kujua nani. Mudir ndivyo tunavyomuita meneja hapa. Wetu ni mtu wa nje, anajua Kiingereza na salamu mbili za Kiarabu ambazo anazitumia zote kwa pamoja. Akasema kesho saa nne aje Supavaiza, aje Mzee, na mimi nije kwa kuwa nilikuwa karibu na nitamtafsiria Mzee.

Jioni hiyo Supavaiza aliniita kwa mama wa chai nje ya geti. Akaninunulia chai ya tangawizi na mandazi, nikajua kuna kitu. Mtu hakununulii mandazi ya pili hivi hivi.

"Msee," akasema, "ile kazi ya mezani, pale kwenye mizani, nataka kukuweka wewe. Una Kiingereza. Una kichwa. Unabeba mbao ya nini na wewe?"

Nilitaka hiyo meza. Nisikudanganye. Kuna feni pale. Kuna kiti chenye magurudumu. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kuniongelesha kila nikiamka, na mimi bado kijana.

"Nashukuru, boss."

"Kesho mudir atakuuliza ulisikia nini. Wewe sema Mzee mumbled. Neno moja tu. He mumbled the count. Basi."

"Mumbled?"

"Si unajua hana meno ya chini. Maneno yanamtoka yamepondeka. Sio kosa lake, ni umri. Mudir atampumzisha, atapewa kitu kidogo, akalime huko kwao. Hakuna mtu ataumia."

Mzee alitolewa meno ya mbele ya chini akiwa kijana, desturi ya kwao, kama wazee wengi hapa. Anaongea vizuri kuliko mimi. Hata mluzi anapiga.

Nikamwambia, "Boss, lakini hakumung'unya. Alinong'ona. Wewe si ndiye..."

"Mumble, whisper, si yote ni sauti ndogo?"

"Hapana. Whisper unaifanya kwa kutaka. Mumble inakushinda mdomoni. Ukisema mumble, kosa ni la mdomo wake. Ukisema whisper, mtu atauliza nani alimwambia anong'one."

Akatabasamu, akaweka kikombe chini. "Unadhani sijui tofauti? Najua. Ndiyo maana nimechagua hiyo." Akanipiga bega. "Sisi wa Kenya tusiangushane, buda."

Nilimaliza mandazi. Sijui kwa nini watu hudhani ukikasirika unaacha chakula.

Mimi na Mzee tunakaa Gurei wote, nyumba yake iko mbele ya yangu kidogo. Nikapita. Alikuwa amekaa nje na redio, mkewe anachagua maharage. Nikamsalimia, nikakaa kwenye jerikeni, nikamwambia yote, na mandazi pia nikayataja.

"Hiyo neno nasema nini?" akauliza.

"Mumble?"

"Hiyo."

Nikasimama nikamuonyesha. Nikajaza hewa kwenye mashavu, nikaongea kama nimemeza sabuni, "Wawid... mimim... mog." Mkewe alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mzee alicheka pia, kisha ulimi wake ukaenda pale kwenye pengo ukakaa hapo, na akaacha kucheka.

"Yeye nasema mimi nafanya hivyo?"

"Anataka mimi niseme."

Mkewe akasema, hajainua kichwa, "Na wewe napewa nini?"

"Meza, mama. Ya kwenye mizani."

Redio ilikuwa inatangaza mahubiri. Mzee akaipunguza.

"Mtoto yangu," akasema, "kama nanifukuza kwa sababu mimi iko mzee, sawa, mimi iko mzee. Kama nanifukuza kwa kasha, sawa, kasha nimeanguka. Lakini mdomo yangu hapana. Na hii mdomo nimepandisha mizigo Kampala, Gulu, hapa. Kesho wewe nasema unaona nini nzuri kwa wewe. Mimi hapana omba."

"Sijasema uniombe, Mzee."

"Basi kula maharage."

Yalikuwa mabichi bado. Nikaenda kulala.

Asubuhi ofisi ya mudir ilikuwa na baridi ya AC mpaka Mzee akafunga vifungo vyote vya shati. Mudir nyuma ya meza, Supavaiza amesimama karibu naye, sisi wawili upande huu kama watu waliokuja kuposa.

Supavaiza akaanza kwa Kiingereza kizuri, cha chuo. Friji, zahanati, mteja, aibu. Halafu akasema kiongozi wa kikosi mumbled the count, na hapo akagusa midomo yake na kidole, polepole, kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliniwasha. Angesema kwa ubaya labda ningevumilia.

Mudir akanigeukia. "Ulikuwa karibu. Ulisikia nini?"

Nikasema, "Whisper, sir. He whispered."

"Mumbled, whispered," Supavaiza akasema akicheka kidogo. "Sir, huyu amesoma shule ya msingi kambini. Anamaanisha sauti ya chini."

"Shule ya msingi ndiyo, sir," nikasema. "Ndiko wanakofundisha haya. Nikuonyeshe?"

Mudir hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Kwa mtu kama mimi hiyo ni ruhusa.

Nikarudi nyuma hatua kidogo. Nikafanya mumble ya ile hesabu, na mashavu na macho ya kulewa, "wawid, mimim". Mudir akakunja uso. Nikasema, hii huwezi kuelewa hata ukiwa karibu, sir, hata ukilala kifuani mwake. Kisha nikanyoosha mgongo, nikamsogelea mpaka kwenye ukingo wa meza, nikanong'ona, safi, kila herufi mahali pake: "Wahid. Tinin. Fog." Nikamuuliza, "Umeelewa, sir?"

"Nimeelewa."

"Mimi pia nilielewa. Nilikuwa umbali huu. Mwenye ukucha alikuwa kule." Nikaonyesha mlango. "Na nje ndege inawaka."

Nikamgeukia Mzee nikamtafsiria, ila yeye alikuwa ameshaelewa kutoka kwa mashavu yangu. Akasema, "Mwambie mimi nanong'ona kwa sababu nimeambiwa nanong'ona. Mimi hapana jua kazi ya kunong'ona. Mimi najua kazi ya kupandisha."

Nikaitafsiri yote, sikuipunguza.

Supavaiza aliniangalia. Sio kwa hasira. Kama mtu anayeangalia nauli yake ikianguka mtaroni. Mudir akamuuliza, taratibu sana, "Ulimwambia anong'one?"

"Niliwaambia wote wawe professional, sir."

"Ulimwambia anong'one?"

Supavaiza akaanza kusema kitu kwenye kola ya shati lake, sikukisikia vizuri. Najua jina la sauti ile, lakini hapo nilifunga mdomo.

Mudir hakupiga meza, hakutoa hotuba. Watu wa sinema wangetoa hotuba. Alisema bima itamlipa mteja, Mzee arudi kazini, na watu wa makasha wapige sauti inayotosha kazi. Halafu akamwambia Supavaiza abaki nyuma. Tulipotoka, jua la nje lilitupiga kama sisi wenyewe tumetolewa kwenye friji. Mzee akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Alisema tu, "Twende, ndege ya Entebbe nafika."

Sasa usidhani Supavaiza alifukuzwa. Yupo. Mudir anamhitaji, mizigo kwa rangi bado ni mpango mzuri, sikatai. Ile meza ya mizani alipewa yule mnyamavu, na kwa kweli anaifaa, hasemi kitu na mizani ndivyo inavyotaka. Mimi nilitolewa kwenye kikosi. Supavaiza alisema kuna upungufu upande wa vifaranga.

Kama hujawahi kushusha vifaranga wa siku moja, nikuambie. Wanakuja kwa maboksi yenye matundu, maelfu, wanalia wote pamoja kwa sauti ndogo ndogo, na kazi yako ni kufungua kila boksi, kuchungulia nani amekufa njiani, kumtoa, kufunga. Harufu inakufuata mpaka Gurei. Watoto wa jirani wananiita Baba Kuku na mimi nawafukuza kama mwewe, wanapenda. Mgongo umepona lakini, kifaranga hana uzito.

Wiki ya kwanza Supavaiza alipita, ameshika leso puani. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya maboksi.

"Sasa msee," akasema, "umeshiba Kiingereza?"

"Bado, boss. Kuna swali moja."

"Sema."

Nikasimama, nikajipangusa manyoya. Nikauliza kwa sauti ya mtu mzima, ile inafika mlangoni na kurudi, mpaka Mzee na watu wake upande wa pili waliweka kasha chini: "Ile siku ya friji, ulimwambia Mzee afanye nini?"

Akaangalia simu yake. Akasema kuna mteja anamngoja.

Alipita tena Ijumaa, nikamuuliza tena. Anapita kila siku, hana njia nyingine ya kufika ofisini kwake. Na mimi nipo hapo, na sauti ninayo.